Inspekta wa Ami Sudi

Binti yangu anasomea mambo ya filamu huko Nairobi, na likizo hii amerudi nyumbani Bofa na kasha jembamba la diski, amelishika kwa mikono miwili utafikiri ni msahafu. Filamu ya zamani, akaniambia, ya nyeusi na nyeupe, imesafishwa na kutolewa upya juzi tu watu waweke majumbani mwao, na wenzake chuoni wanaigombania. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikatupa jicho kwenye kasha, ungo ukanishinda mkononi. Mwanamke mwenye kofia ya wavu, gilasi mkononi, na kivuli cha dirisha kimemchora mistari usoni kuanzia kipaji hadi kidevu. Nilimjua nikiwa na miaka minane, na miaka yote iliyofuata nilijua kwamba ni muuaji.

"Muuaji wapi, Mama?" binti yangu akacheka. "Yeye ndiye anayeonewa."

Tuliitazama mchana ule ule kwenye kompyuta yake, na mashine ya kusomea diski tuliiazima kwa jirani. Wanasema Kiingereza, na Kiingereza ndiyo kazi yangu, nakifundisha darasani kila siku ya Mungu. Sikuhitaji mkalimani. Mume wa yule mwanamke anakufa mwanzoni kabisa, kwa ugonjwa wa moyo, na daktari anatamka hivyo wazi mbele ya kila mtu. Gilasi ilikuwa ya dawa. Na yule bwana wa koti refu, anayeingia na kutoka bila kubisha, anayemwandama mjane wa watu mpaka anamtoa nyumbani kwake, ni ndugu wa marehemu. Anaitaka nyumba. Ndugu wa marehemu! Ami yangu Sudi alitwambia sisi, sebule nzima ya wanawake na watoto, kwamba bwana yule ni inspekta wa polisi.

Nilitoka nikaenda uani, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Binti yangu akanifuata kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa, tena naumwa sana.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka zama za video. Mnakumbuka deki nzito kama tofali, kanda zinazokatika zikaungwa kwa rangi ya kucha, na nyumba moja yenye televisheni kugeuka nyumba ya mtaa mzima. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya babu, katika mji wa kale wa Malindi. Chini alikaa Bibi yangu, mzaa baba, na juu tulikaa mimi na mama, maana baba alikuwa amekwenda Uarabuni kutafuta na barua zake zilikuwa zimeanza kupungua. Upande wa uani alikaa ami Athmani, ndugu mkubwa wa baba, na mkewe Bi Zuhura. Hawakujaliwa mtoto. Ami Sudi, kitinda mimba, alikuwa akihudumu mezani kwenye hoteli ya Wataliano na akikaa huko huko, lakini chakula cha mchana alikuja kula kwa mamake.

Bi Zuhura alikuwa Mgiriama wa Dabaso. Kwao aliitwa Kadzo, akasilimu alipoolewa akapewa jina la Zuhura. Mimi nilimpenda kwa sababu ya ukoko. Kila akipika wali alibandua ukoko wa chini ya sufuria, akaukunja ndani ya sahani ndogo na kunifichia juu ya kabati, watoto wa jirani wasiuone. Nikirudi chuoni, kusoma Kurani, na juzuu yangu kwapani nilikwenda moja kwa moja uani kwake. Alinisuka nywele kwa mkono mwepesi, na kichwa chake alikipaka mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe, kiasi kwamba mpaka leo nikipita mahali panapokaangwa tui nageuka kumtafuta.

Ami Athmani alikufa kwa tumbo. Siku mbili tu. Aliendesha na kutapika, zahanati wakasema apewe maji ya sukari na chumvi kila baada ya muda, na alfajiri ya siku ya tatu akawa hayupo. Sikuelewa kitu. Nilichokielewa ni kwamba Bi Zuhura ameingia edani, amevaa nguo nyeupe, hatoki, hajipaki hata yale mafuta yake, na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa, hawaruhusiwi kumwona kwa muda wa miezi minne na siku kumi. Mimi nilihesabiwa katika watu wa kumliwaza. Nilikuwa nalala miguuni pake mchana, na yeye akinipepea kwa kipepeo cha ukindu hali moyo wake mwenyewe umeungua.

Arobaini ilipopita, ami Sudi akaja na televisheni na deki begani mwa mchukuzi. Bibi akafoka.

"Sudi! Nyumba ya msiba hino, wataka kutuletea sinema?"

"Mama, shemeji yu peke yake kutwa kucha," akasema ami Sudi. "Na nyinyi pia nyoyo zimewaelemea. Mgeni mmoja wa hoteli kaniachia kanda. Si ya uchafu, ni ya mafunzo."

Kanda zilikuwa tatu, zote kwa Kitaliano, maana Wataliano hawapendi kusumbuliwa na lugha ya mwingine. Kila mzungu wa mle alitiwa sauti ya Kitaliano mdomoni. Katika nyumba yetu hakuna aliyejua hata neno la kusalimia, ila ami Sudi aliyejifunza kwa kubeba sahani. Na kwa kuwa yeye ni shemeji, na shemeji si maharimu, hakuweza kuingia sebuleni akakaa na mwenye eda. Basi alisimama ukumbini, nyuma ya pazia la maua mekundu. Sisi tuliangalia picha, yeye, aliyekwisha kuzitazama kanda huko hotelini, akasikiliza sauti, akatufasiria. Kilichoonekana kwake ni makubadhi tu, chini ya pindo la pazia, na kidole gumba kikicheza kila hadithi ilipomnogea.

Jamani, alijua kuhadithia. Hilo simnyimi. Kanda mbili za mwanzo zilikuwa za mapanga na farasi, hatukuzitaka tena. Hii ya mwanamke wa kofia ya wavu ndiyo iliyotushika, na aliirudia mara nne au tano, jirani wakija na wageni wao.

"Haya, mwaona hapo?" sauti ilitoka kwenye maua mekundu. "Huyo mume ni mgonjwa, masikini ya Mungu, yuwamwamini mkewe. Na mke katoka bara huko, kaokotwa hana mbele wala nyuma, kavishwa, kalishwa. Sasa tazameni hiyo gilasi. Tazameni anavyoipeleka kwenye mwanga kuona kama sumu imeyeyuka."

"A'udhu billahi," wanawake wakasema.

"Na huyu nani, mwenye koti?" jirani mmoja akauliza.

"Huyo ni inspekta. Mtu wa haki. Yeye ndiye atakayemfichua."

Kwa hivyo kila bwana yule alipotokea mlangoni tulishusha pumzi. Alipomshika yule mwanamke mkono kwa nguvu tulifurahi. Mwishoni, yule mwanamke anaposhuka ngazi na sanduku lake kwenye mvua, Bibi alisema alhamdulillahi, na nadhani hata mimi nilipiga makofi. Bi Zuhura alikaa pembeni, mgongo ukutani, leso imemshuka mpaka kwenye nyusi.

Sasa niseme ujinga wangu, maana huo nao umo. Niliamini kwamba picha za nyeusi na nyeupe si mchezo. Za rangi nilijua zinaigizwa, ila hizi nilidhani ni mambo yaliyotokea kweli, yakanaswa, kama vile picha ya marehemu babu iliyokuwa ukutani. Na ile mistari usoni kwa yule mwanamke, ambayo leo binti yangu ananieleza kwa ufundi wote kuwa ni taa na dirisha, mimi niliifahamu kuwa ni alama. Niliona Mungu humchora muuaji usoni ili watu wamjue. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijifikiria mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa fikra yangu niliipenda.

Madirisha ya nyumba yetu yalikuwa ya mbao za vipande vipande, kupisha upepo. Siku moja baada ya alasiri niliingia kwa Bi Zuhura nikamkuta amekaa kitandani, jua limepenya zile mbao, na uso wake wote una mistari kuanzia kipaji hadi kidevu. Sikupiga kelele. Nilirudi kinyumenyume mpaka ukumbini, na ukoko wa siku hiyo sikuula. Ndipo nikakumbuka kwamba ami Athmani alipokuwa akiumwa nilimwona Bi Zuhura dirishani na gilasi, ameiinua kwenye mwanga, anaitazama. Nikamwambia ami Sudi, wala sikuulizwa. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega, akanitaka nieleze tena polepole.

Siku hizo Bibi alikuwa ameacha kumwita mkaza mwanawe Zuhura. Alimwita Kadzo. Jina lenyewe ni zuri, jina la kwao, lakini namna Bibi alivyolitamka lilikuwa ni kumrudisha mtu mlangoni. Jirani nao wakaanza kuuliza maswali ambayo hapo kabla hawakuyauliza: huko kwao wanatumia miti gani, na mbona hakuwahi kuzaa, na mbona marehemu alikufa haraka vile. Si kwamba chuki hiyo aliileta ami Sudi ndani ya kanda. Ilikuwamo mjini tangu hapo, kwa watu wanaokula mahindi na nazi za Wagiriama kila siku na kuwadharau vile vile. Yeye aliipa picha tu.

Wakaja wazee wawili wa mtaa. Safari hii wanaume ndio waliokaa sebuleni na wanawake ndio waliokaa nyuma ya pazia, Bi Zuhura miongoni mwao. Ami Sudi akanipakata.

"Mimi simtuhumu mtu," akasema. "Nasema mtoto kaona, na mtoto hana uwongo. Hebu waeleze, mwanangu."

Nikawaeleza. Nilieleza vizuri sana, kama nilivyosoma sura mbele ya mwalimu. Gilasi, dirisha, mwanga. Nikasema na mistari pia, lakini ami Sudi alinibana goti hapo, nikaishia kwenye gilasi. Mzee mmoja akakohoa, akasema kwamba kisheria aliyeua harithi, na kwamba mambo ya polisi ni aibu kwa ukoo mzima, na kwamba kama mwanamke ataondoka kwa hiari yake na kuiacha sehemu yake ya nyumba, basi jambo lifunikwe. Nyuma ya pazia hakuna aliyesema neno.

Aliondoka jioni ile. Alikuwa amebakisha siku ishirini za eda. Kila mtu mle ndani alijua, kuanzia wale wazee wenye sijda kwenye vipaji, kwamba mwenye eda hatolewi nyumba ya mumewe hata kama ni ya kupanga. Tulifundishwa hilo chuoni, watoto wa miaka minane! Wakalijua na wakamfungulia mlango. Aliponipita ukumbini aliniwekea mkono kichwani, na mimi nikaukwepa.

Nyumba iliuzwa kwa Mtaliano, leo ni ya wageni, ina bwawa la kuogelea pale palipokuwa na jiko la Bi Zuhura. Ami Sudi alijenga mpya, akatuchukua mimi na mama, akanisomesha. Hicho Kiingereza nilichomfichulia uwongo wake nilikipata chini ya paa lake. Alikufa mzee wa heshima, hitma yake ilijaza uwanja, na mimi nililia hadi nikapoteza sauti. Nayataka yanirudie yale machozi yangu. Kuna siku, nikiwa mtu mzima na kazi yangu, nilimwona Bi Zuhura sokoni Gede akiuza korosho, nikavuka barabara ili nisikutane naye. Nilikuwa bado naamini. Labda si kuamini kama zamani, ila sikutaka kujua.

Filamu haiwezi kumtakasa mtu, hilo naelewa. Lakini mwenye haki hana haja ya kugeuza hadithi nzima ya watu, akamvisha mwizi koti la polisi. Siku mbili sikulala vizuri. Ya tatu nikaenda Dabaso.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mpwa wake, anasuka makuti. Amekonda, mikono bado myepesi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kidogo, akataja jina langu la nyumbani ambalo hakuna aliyelitumia tangu Bibi afe.

Nikamweleza yote, mbio mbio, habari ya diski, ya yule mwanamke, ya inspekta. Hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Kwani mimi sina macho, mwanangu? Yule mwanamke alikuwa akilia akiwa peke yake chumbani. Mwenye hila humlilia nani chumbani? Na yule mwanamume alikuwa akiiangalia nyumba kuliko alivyowaangalia watu. Nikasema moyoni, huyu Sudi atudanganya."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kitaliano nilikijua?"

Nikamwomba radhi. Nikasema mimi ndiye niliyetoa habari ya gilasi, na kwamba sikumbuki siku niliyotenda ubaya mkubwa kuliko huo. Akaendelea kukunja ukuti.

"Ulisema ulichokiona. Gilasi niliishika kweli, na kwenye mwanga niliitazama. Mamako alikoroga kwa haraka, nikaona chumvi imekaa chini."

"Mamangu?"

"Hukuambiwa?" Hapo ndipo aliposimamisha mikono. "Yale maji alitengeneza mamako. Muuguzi wa zahanati alimwelekeza yeye vipimo, mimi nilikuwa nikimfulia marehemu nguo. Yeye alitengeneza na yeye alinipa, mara zote. Siku ile walipokuuliza tulikuwa mkeka mmoja, goti lake kwenye goti langu. Nikasema, sasa atainuka aseme. Nikangoja. Wewe ulikuwa mtoto, nilikusamehe kabla sijafika barabarani."

Alinikaribisha chai, nikainywa, sikuisikia ladha.

Mama yangu ninaishi naye. Nilimkuta barazani na tasbihi yake, amefunga magoti kwa leso yenye majani ya mwarobaini, akaniuliza mbona nimechelewa na sikuaga. Sikukaa.

"Mama, yale maji ya ami Athmani alitengeneza nani?"

Hakuniuliza maji gani. Miaka yote hiyo, na hakuniuliza maji gani.

"Mimi," akasema.

"Na ukanyamaza."

"Babako alikuwa haandiki tena. Sudi angetutoa na sisi. Ningekupeleka wapi?"

"Neno moja tu, Mama. Ungesema, mimi ndiye niliyekoroga."

"Hilo neno moja ndilo lingetulaza nje." Akaanza kulia, bila sauti, kama wanavyolia watu wazima waliozoea. "Kisha wewe ulisema vizuri, kila mtu akakusifu. Nikaona limepita."

Nilimpenda mama yangu saa ile, naandika hivyo maana ni kweli, na nilimkasirikia. Walimtanguliza mtoto. Wanaume walinipakata na wanawake walikaa kimya nyuma ya pazia, na mimi nimelibeba peke yangu jambo ambalo chumba kizima kililijua. Nikamwambia kesho atavaa buibui lake, tunakwenda Dabaso.

"Nitamwambia nini?"

"Ulichoniambia mimi. Kisha tutapita Malindi, kwa kila nyumba yenye mtu aliyekuwako siku ile na bado yu hai, nako utasema."

Akapangusa macho kwa upindo wa leso. Akaniuliza kama huko anakokaa ni mbali na barabara, kwa maana haya magoti yake hayawezi mchanga.

Nikamwambia mwenzake alitolewa akiwa edani, na hakuna aliyemuuliza habari ya magoti.